Mahindi ya Kuvu Tumpe Nani?

Saratani ya ini haikuenea sawasawa ulimwenguni. Mzigo wake mzito wazilemea nchi za Asia ya Mashariki na za Afrika kusini ya Sahara. Huku kwetu sababu kubwa mbili hushikana mikono: virusi vya homa ya ini aina ya B, na sumukuvu, yaani sumu itokayo katika kuvu iotayo juu ya mahindi na karanga zisizokaushwa vema. Mwenye virusi hivyo akila na sumu hiyo, hatari yake huongezeka maradufu.

Hapa Manyara neno hili si hadithi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao wakafariki. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Alaye kidogo kidogo miaka mingi haugui leo, wala hashtuki. Ini lake laweka deni litakalodaiwa baadaye. Na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo.

Basi, hapo ndipo penye swali la dhamiri. Katika nyumba zetu za Babati mama huchambua mahindi kabla ya kuyapeleka mashineni. Mazuri ni ya watoto. Yaliyobadilika rangi huenda wapi? Mara nyingi huenda kwa mpika pombe, au kwa ng'ombe, ambaye hutoa sehemu ya sumu hiyo katika maziwa yake; au huchanganywa katika gunia la kuuzwa.

Muuzaji atasema, "Mimi sikumwua mtu." Ni kweli kwamba hakuna daktari awezaye kulitaja gunia lililomletea mgonjwa saratani. Mahakama za wanadamu hutaka ushahidi. Mwenyezi Mungu hutazama moyo. Nasi twajua, maana tuliyatoa mahindi yale katika chungu cha watoto wetu. Mkono uliochambua ndio shahidi. Amri ya tano haimkatazi tu auaye kwa panga. Humkataza pia auaye polepole, asimwone mfu wake.

Mkulima maskini atauliza: "Nikitupa madebe mawili, watoto watavaa nini shuleni?" Neno hilo ni zito, wala hatulidharau. Mfanyabiashara anunuaye mahindi safi na machafu kwa bei moja anashiriki kosa hilo, kwa kuwa humnyima mwaminifu faida ya uaminifu wake. Hata hivyo, umaskini wa muuzaji haumpi haki juu ya maisha ya mlaji, ambaye huenda ni maskini kuliko yeye.

Wazazi Wakristo, yaanikeni mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Yawekeni ghalani yakiwa makavu kabisa. Wapelekeni watoto wachanga wapate chanjo ya homa ya ini, itolewayo nchini tangu mwaka 2002. Na mahindi yenye kuvu yafukieni. Kisichofaa kwa mtoto wako, hakimfai mtoto wa jirani.