Aliyebaki Nyumbani

Je, ni haki kumpa mmoja kitu ambacho wote hawawezi kukipata? Swali hili nilikutana nalo kwanza darasani, katika somo la falsafa ya maadili, nikalijibu haraka kama wengi wetu tunavyofanya. Likizo ya Desemba nilikutana nalo tena nyumbani, na mara hii nililijibu vibaya.

Kwetu ni Busia, upande wa Uganda. Kwa kupakia na kupakua mizigo ya wafanyabiashara, nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi laki tatu za Uganda, na nilikuwa nimeahidi kuwapeleka watoto Kampala wakauone mji. Watoto nyumbani ni watatu: mdogo wangu wa kiume mwenye miaka tisa, mdogo wangu wa kike mwenye miaka kumi na mmoja, na mtoto wa shangazi, msichana wa miaka kumi. Huyu alizaliwa Busia ya upande wa Kenya. Shangazi alipofariki, baba alikwenda kumchukua, na sasa ni mwaka wa nne tangu aanze kuishi kwa mjomba wake, yaani kwetu.

Nilipopiga hesabu ya nauli, chakula na viingilio, niliona kwamba pesa zinatosha mimi na watoto wawili tu. Nikawachagua wadogo zangu. Mtoto wa shangazi nilimwambia, "Wewe hukuzaliwa Uganda, huna karatasi. Askari watatusumbua njiani." Akajibu, "Sawa, kaka," akachukua mtungi akaenda kuchota maji.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri. Tulivuka Nile pale Jinja watoto wakiwa wameganda dirishani. Namawojjolo wachuuzi waliligombania basi letu kwa mishikaki na gonja. Katika Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, mdogo wangu wa kiume alikataa kuondoka penye ngoma na vinanda vya jadi. Tulipanda mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala, tukaiona Kampala yote na vilima vyake. Furaha yao ilikuwa ya kweli, wala siidharau.

Tuliporudi, jioni, wadogo zangu walisimulia huku mtoto wa shangazi akichambua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na askari waliwasumbua wapi?" Mdogo wangu akashangaa. "Askari gani? Hakuna aliyetuuliza kitu."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kutoka Kampala hadi Busia ni kama kilomita 200, na uongo wangu haukuvuka hata usiku mmoja baada ya safari hiyo. Msichana hakuniangalia. Aliendelea na maharagwe yake.

Kosa langu lilikuwa wapi hasa? Jibu la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba nilikosea kuchagua. Hilo nalitilia shaka. Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu haki, anatoa mfano wa watoto watatu wanaodai filimbi moja. Mmoja ndiye pekee anayejua kuipiga, mwingine ni maskini asiye na kitu kingine cha kuchezea, na wa tatu ndiye aliyeitengeneza. Kila mmoja ana hoja nzito, na si rahisi kusema mbili kati yake ni za kipuuzi. Penye upungufu, basi, mtu mwadilifu anaweza kuchagua na bado akamwacha mtu mwenye haki yake.

Jibu la pili ni la baba yangu. Yeye husema kisichotosha wote kisiliwe. Kauli hii inalinda amani ya nyumba, lakini ina ugumu ambao mwanafalsafa Derek Parfit aliueleza vizuri: usawa unaopatikana kwa kuwashusha walio juu, bila kumwinua aliye chini, unamfaidi nani? Kama sote tungebaki nyumbani, mtoto wa shangazi asingeuona mji. Angepata tu wenzake wa kukosa nao.

Naamini kosa langu halikuwa katika kuchagua, bali katika sababu. Sababu ya kweli ilikuwa hii: wale wawili ni wa mama yangu. Mbona sikumwambia hivyo? Kwa sababu nilijua maneno hayo yasingeweza kusimama mbele yake. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtoto huyu amelishika jembe letu miaka minne. Anachota maji, analima, anaosha vyombo kama mtoto yeyote wa nyumba. Siku ya kazi alikuwa wa kwetu. Siku ya safari nilimfanya mgeni.

Tena nilimfanya mgeni kwa kuuazima mpaka. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ukawa sehemu ya nchi inayoitwa Kenya leo. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili, na koo zao zikabaki zilezile. Tangu mwaka 2010 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Itifaki ya Soko la Pamoja ili watu wavuke kwa urahisi, na mwaka 2018 marais wa nchi zetu mbili walizindua kituo cha pamoja cha mpakani papa hapa Busia. Mtoto wa shangazi mwenyewe huvuka kila mwezi kumwona bibi yake. Mpaka ambao watu wazima wanahangaika kuulainisha, mimi niliusimamisha uani dhidi ya mtoto wa miaka kumi.

Huenda msomaji akasema uongo ule ulikuwa wa huruma, kwani mtoto aliepushwa uchungu wa kujua kwamba hakuchaguliwa. Mimi pia nilijifariji hivyo. Lakini tazama nilichompa badala yake. Ningemwambia pesa hazitoshi, tupige kura, huenda angelia, kisha angengoja likizo nyingine. Upungufu una zamu: leo wako, kesho wangu. Kuzaliwa hakuna zamu. Kwa kumwambia kwamba kasoro iko katika mahali alipozaliwa, nilimpa sababu ambayo hawezi kuiwekea akiba wala kuikua.

Wengine watauliza: je, mtu akiwa na ujasiri wa kumwambia mtoto usoni, "Wewe si wa mama yangu," atakuwa ametenda haki? La. Ukweli peke yake hautoshi. Anayenyimwa lazima aweze kuuliza, "Kwa hiyo?" na apate jibu. Nikisema pesa ni chache, "Kwa hiyo?" yake ina jibu: kwa hiyo tupeane zamu. Nikisema wewe si wa mama yangu, haina jibu lolote ambalo mtoto aliyepewa jembe analazimika kulikubali. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza.

Januari, kabla ya kurudi chuoni, niliwachukua wote watatu kwenda Tororo, mwendo wa kama kilomita 30. Tulipanda Mwamba wa Tororo taratibu, tukakaa juu tukila chapati. Pale nilimwambia mtoto wa shangazi ukweli: kwamba karatasi hazikuhitajika, kwamba pesa hazikutosha, na kwamba nilichagua bila kumpa nafasi.

Alitafuna kwanza, akameza. "Ungesema tu hazitoshi, kaka," akasema. "Mimi ningengoja."

Kisha akauliza kama siku atakapokwenda Kampala itabidi atafute karatasi. Nikamwambia hapana. Alinitazama kama wachuuzi wa Busia wanavyoitazama noti wanayoitilia shaka, kabla hawajaamua kuipokea. Sikumlaumu. Zamu ijayo ni yake, na nimeiandika hapa mbele ya wenzangu na walimu wangu ili nisije nikaikana.