Je, Aliyeamka Ndiye Aliyelala?

Tuseme katibu wa kanisa kijijini Chome, katika milima ya Upare, chini ya kilele cha Shengena, amefunika kompyuta mpakato yake jioni bila kuizima. Ndani yake mna orodha ya washiriki, hesabu za sadaka, na sauti za wazee wakisimulia habari za koo zao kwa Chasu, lugha ya Wapare. Asubuhi anaifunua. Taa inawaka na feni inavuma, lakini kioo kinaleta ujumbe kwamba diski haionekani. Anaizima kabisa, anaiwasha upya, na kila kitu kipo palepale kilipokuwa.

Kwa fundi, hiyo ni hitilafu ya kawaida. Kwa mwenye kutafakari, ni swali la kale: ni nini kinachomfanya anayeamka awe yuleyule aliyelala?

Kompyuta ikilala haijafa. Diski inaacha kuzunguka na vichwa vyake vya kusomea vinaegeshwa pembeni, lakini RAM, inayoshika kazi zilizokuwa zikiendelea, hubaki ikipewa umeme kidogo. Chaji zinazobeba taarifa humo huvuja, kwa hiyo saketi huzijaza upya, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64, usiku kucha. Wakulima wa Upare wanaijua kazi ya namna hiyo: ndiva zao, mabwawa ya asili ya kumwagilia, hukusanya maji ya mfereji usiku watu wakiwa wamelala, ili asubuhi yafunguliwe mashambani. Ubongo wa mwanadamu pia haukai bure usingizini, kwani huo ndio wakati wa kuimarisha kumbukumbu za mchana.

Tatizo liko kwenye kuamka. RAM iko tayari papo hapo, ilhali diski ya kuzunguka huhitaji sekunde kadhaa kufikia kasi yake, ambayo kwa mashine nyingi za kubeba zenye diski ya aina hiyo ni mizunguko 5,400 kwa dakika. Mfumo ukiiita mapema mno, au kiunganishi kikiwa kimelegea, au programu inayoiendesha ikiwa na kasoro, jibu halirudi. Mfumo unahukumu kwamba diski haipo. Hukumu hiyo si ya kweli: diski ipo, na yaliyoandikwa yamo. Kilichokatika ni njia ya kuyafikia.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke angekuwa upande wa mfumo. Katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu akili ya mwanadamu, lililotoka 1694, alishikilia kwamba mtu ni yuleyule kadiri fahamu yake inavyoyafikia matendo yake ya nyuma. Hakukwepa hata matokeo magumu ya hoja hiyo: ikiwa Socrates aliyelala na Socrates aliye macho hawashiriki fahamu moja, basi si mtu mmoja.

Maisha ya mwanamuziki Mwingereza Clive Wearing yanaitikisa hoja hiyo. Machi 1985 virusi viliushambulia ubongo wake na kuharibu sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya. Tangu hapo mambo mapya hayakukaa akilini mwake zaidi ya sekunde chache. Shajara yake ilijaa mistari ya kutangaza kwamba ni sasa tu ameamka kwa mara ya kwanza, kisha akaikata mistari hiyo na kuandika tena hivyohivyo. Lakini mkewe, Deborah, alipoingia chumbani, alimpokea kwa furaha kubwa. Akikaa kwenye piano alipiga, na aliweza hata kuongoza kwaya. Nani atathubutu kusema kwamba Wearing hakuwepo?

Kusini mwa Upare swali hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ndiko Uadventista wa Sabato ulikoanzia nchini Tanzania. Wamisionari Ehlers na Enns walifika kutoka Ujerumani mwaka 1903 na kufungua kituo Giti. Imani waliyoileta inafundisha kwamba aliyekufa hana fahamu yoyote. Amelala mpaka siku ya ufufuo. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kama kati ya kaburi na parapanda hakuna kinachojitambua, atakayeinuka atakuwa ni yeye mwenyewe au mfano wake tu? Msabato hujibu kwamba Mungu aliyemuumba mtu huyo anamjua na hamsahau. Muislamu naye hufundishwa kwamba Mwenyezi Mungu huzichukua nafsi usingizini na kuzirudisha zile ambazo muda wao uliowekwa haujafika. Ndiyo maana anapoamka huanza kwa kumshukuru. Na kabla ya dini hizo kupanda mlimani, Wapare waliyaweka mafuvu ya wazee wao mahali patakatifu pa ukoo na kutambika hapo. Mwanateolojia Mkenya John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba marehemu huendelea kuhesabiwa na walio hai maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina.

Imani hizi zinapingana katika mengi, lakini zote zinakataa kumwachia mtu peke yake kazi ya kujitunza. Locke aliutafuta umoja wa mtu ndani ya kichwa chake mwenyewe. Hizi zinautafuta pia kwa yule anayemjua. Hapo ndipo zinapomshinda Locke. Mama aliyesahau majina ya wanawe bado ni mama yao, na si haki kumzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo, eti kwa sababu hajibu.

Kosa la kuhukumu haraka liko pia mezani kwa fundi. Mashine ikigoma kuamka, wengine hukimbilia kupiga Windows upya, na humo hufutika kilichokuwa kizima. Utaratibu wa busara huanza na kunakili kila kitu kwenye diski ya nje. Kisha itazamwe kama hitilafu huja baada ya usingizi tu. Ikiwa ni hivyo, mipangilio ya umeme ibadilishwe ili diski isizimwe, programu inayoiendesha isasishwe, na kiunganishi kikaguliwe. Lakini diski ikigonga-gonga, au ripoti yake ya afya ikionyesha sehemu mbovu zinaongezeka, huo ni ugonjwa wa diski yenyewe na ibadilishwe.

Wenye kutunza sauti za wazee, daftari za ubatizo na historia za koo milimani Upare wasingoje asubuhi hiyo. Wanakili leo, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine, kwa mtu anayejua ni sauti za nani.