Masurufu ya Msafiri wa Elimu



Katika Kurani Tukufu (2:198) Mwenyezi Mungu anawaamrisha waendao kuhiji wachukue masurufu ya njiani, kisha anawakumbusha ya kuwa masurufu yaliyo bora ni ucha Mungu. Imepokewa kwa Ibn Abbas r.a. kwamba watu fulani wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji mikono mitupu, wakidai kuwa wao wanamtegemea Mungu. Walakini wafikapo Makka huwa ombaomba. Basi aya hii ikawafundisha kwamba kumtegemea Mungu si kuacha maandalizi, wala mwenye kujiandaa hakupungukiwa imani.

Nimeikumbuka aya hii kwa sababu ya jambo lililonikuta Msata. Wasiopajua wafahamu kwamba Msata ni njia panda. Barabara itokayo Bagamoyo huungana pale na barabara kuu: ukishika kushoto wakwenda Chalinze, ukishika kulia wakwenda Segera na Tanga. Asiyejua aendako, hapo ndipo apoteapo.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha dini ng'ambo, na wakati huo nilikuwa likizoni. Baada ya sala ya Ijumaa mzee mmoja, mkulima wa mananasi, alinishika mkono akasema: "Shehe, kijana wangu amemaliza kidato cha sita. Yupo wakala asemaye atampeleka ng'ambo akasomee udaktari. Mnunuzi wa shamba nimeshampata. Niombee dua."

Nikamwuliza: "Mzee wangu, chuo chenyewe chaitwaje?" Hakujua. "Na ada ya mwaka wa pili itatoka wapi?" Akainua kidole mbinguni, akasema: "Mola hamtupi mja wake, Shehe."

Neno lake ni kweli tupu. Walakini natutazame jinsi alivyosafiri yule aliyemtegemea Mungu kuliko sisi sote. Mtume Mtukufu s.a.w. alipohama Makka mwaka 622, Hadhrat Abu Bakr r.a. alikuwa amekwisha kuwalisha ngamia wawili kwa muda wa miezi minne. Mtume s.a.w. hakukubali kumchukua mmoja wao ila kwa kulipa bei yake. Madina iko kaskazini, lakini wao walielekea kusini kwenye pango la Thaur, wakakaa humo siku tatu. Asma r.a. alitayarisha chakula, Abdullah bin Abu Bakr r.a. aliwaletea usiku habari za mjini. Amir bin Fuhaira r.a. aliwapelekea mbuzi wa maziwa. Tena walimwajiri kiongozi, Abdullah bin Uraikit, ambaye hakuwa Mwislamu, kwa kuwa aliijua njia vizuri na alikuwa mwaminifu. Baada ya hayo yote, maadui waliposimama mlangoni mwa pango, ndipo Mtume s.a.w. alipomtuliza sahibu yake asihuzunike (9:40). Matumaini hayo hayakuja mahali pa maandalizi; yalikuja juu yake.

Basi kijana atakaye shahada ya kwanza ng'ambo ayapime mambo yake kwa safari hiyo. Kwanza, kiongozi. Wakala asiyeweza kutaja jina la chuo si kiongozi. Hapana budi kijana mwenyewe aulize kama shahada ile itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Na asomaye udaktari akumbuke ya kuwa hataruhusiwa kutibu nchini mpaka aandikishwe na Baraza la Madaktari Tanganyika. Pili, masurufu. Masomo ya udaktari huchukua miaka mitano au sita, na shamba huuzwa mara moja tu. Zipo nafasi zitolewazo na serikali za China, Urusi na Uturuki, ambazo kijana aweza kuziomba mwenyewe. Na si aibu hata kidogo kuanzia Muhimbili au Dodoma, kisha kwenda ng'ambo kwa shahada ya pili. Tatu, habari za njiani. Mwaka 2022 vita viliwatoa vijana wetu katika vyuo vya Ukraine, na mwaka 2023 katika vyuo vya Sudan. Hakuna aliyelitaka hilo, lakini mwenye akiba na mwenye hati zake mkononi hupata pa kuanzia tena.

Watu wengi hutaja hadithi ya kuitafuta elimu mpaka China. Wataalamu wa hadithi wameona mapokezi yake kuwa dhaifu, wala sisi hatuna haja nayo, kwani Kurani Tukufu yenyewe (9:122) yaeleza kwamba katika kila kundi watoke baadhi wakajifunze dini, wapate kuwaonya watu wao watakaporejea. Aya hii ni ya elimu ya dini, lakini ina mafunzo kwa kila msafiri wa elimu: si wote waendao, na aendaye huenda kwa niaba ya waliobaki. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949. Mwaka 1952 alirudi, akafundisha Pugu. Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji alikwenda kusoma Rabwah, Pakistan, mwaka 1954. Akarudi, na mwaka 1960 akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Kila mmoja wao alijua amewaacha nani nyuma. Ucha Mungu, ule uliotajwa kuwa masurufu bora, ndio umfanyao kijana awakumbuke watu wake hata akiwa mahali asipoonwa na baba wala mama.

Niliyasema hayo tukiwa tumesimama barazani. Mzee alinyamaza kitambo. Ndipo mwanawe, aliyekuwa nyuma yake muda wote bila kusema neno, akamwambia: "Baba, mnunuzi angoje. Nipe siku niende mjini nikaulize."

Mzee akanigeukia. "Basi, Shehe, dua yangu ni ile ile. Tumwombee huyu aulizaye."

Tukainua mikono. Nasi tuwaombee vijana wetu wote: Mwenyezi Mungu awape elimu yenye manufaa, awaonyeshe viongozi waaminifu, na awarejeshe kwao salama. Amin.