Kazi Moja, Bei Mbili

Rafiki yangu mmoja, niliyemaliza naye kidato cha nne, anaishi Kinondoni na kazi yake ni kuandika programu za kompyuta za kampuni moja ya Marekani. Mwenzake yuko San Francisco. Programu ni ileile, na makosa ya yule huyu ndiye anayeyasahihisha. Juzi yule Mmarekani katika maongezi aliutaja mshahara wake. Ulikuwa mara saba ya ule wa rafiki yangu! Jamaa akaja kijiweni amenuna. "Nimewauliza mabosi," akasema, "eti maisha kwenu ni rahisi."

Ndugu msomaji, jibu hilo si uongo mtupu. Mwaka 2023 nusu ya waandishi wa programu wa Marekani walipata zaidi ya dola 130,000 kwa mwaka. Lakini pale San Francisco, chumba na sebule huweza kumeza dola 3,000 kila mwezi, na hapo bado serikali haijachukua chake wala bima ya matibabu haijalipwa. Hata wao kwa wao wanapimana hivyo. Mwaka 2020 Mark Zuckerberg aliwaambia wafanyakazi wa Facebook kwamba atakayehamia mji wa bei nafuu, mshahara wake utafuata mji.

Sawa. Lakini ni maisha yapi hayo yaliyo rahisi? Ugali, nauli ya daladala na pango la chumba, nakubali. Kompyuta anayofanyia kazi je? Ile haijui Kinondoni. Bei yake ni ya dunia, na ikifika hapa imeshaongezewa usafiri na faida ya mwenye duka. Tiketi ya ndege ni hivyohivyo, na ada ya chuo cha ng'ambo pia. Mtu akikupimia mshahara kwa bei ya mchicha, ameshakuamulia kwamba ndoto zako zitaishia gengeni. Hapo ndipo mimi ninapoiona dhuluma.

Nilikuwa nimeshamaliza hoja yangu, mpaka nilipomsindikiza kunyoa.

Kinyozi wake anatoza shilingi 3,000. Kinyozi wa Zurich, kwa mashine ileile na kichwa kilekile, hupokea mara nyingi zaidi. Wachumi Balassa na Samuelson walilieleza jambo hili mwaka 1964: viwanda vinavyouza nje vikizalisha sana, mishahara yao hupanda na kumvuta hata kinyozi, la sivyo ataacha mkasi aende kiwandani. Maelezo mazuri, ila yanasema kwa nini iko hivyo, hayasemi kama ni haki. Tena rafiki yangu huyu anayelalamika anapata mara kadhaa ya mwalimu aliyemfundisha hesabu. Kama yeye anadhulumiwa, tumwiteje mwalimu?

Basi nikamuuliza palepale kwenye kiti, povu likiwa bado shingoni: "Mshikaji, mbona wewe humlipi huyu bwana bei ya Zurich?"

Kinyozi akacheka. Rafiki yangu hakucheka. Alijitazama kwenye kioo kwa muda, kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma barua ya bosi wake:

"Aa, yeye si anakaa Tandale bwana. Kule maisha rahisi."