Waipa Wakati wa Jua

Vifaa vingi vya gari vina namna yake ya kulalamika. Breki zikichoka hupiga kelele, injini ikichemka hutoa mvuke, tairi likipungua upepo usukani huvuta upande. Waipa hunyamaza. Masika yakishakatika, hulala juu ya kioo hadi vuli, na katika miezi hiyo ya jua kali hakuna anayeziulizia. Kumbe ndipo zinapoharibika. Kazi yake yote hutegemea ulaini wa ukingo mwembamba wa mpira, na ukingo huo hukaushwa na jua, hujaa vumbi, hukakamaa na kupasuka nyufa ndogo ambazo mtu mwenye haraka hazioni. Pitisha kidole taratibu utazihisi: hapa pamemomonyoka, pale pamepinda na kugoma kunyooka, na kidole chenyewe kinatoka cheusi.

Kisha mvua hushuka, mara nyingi jioni, watu wakiwa wanarudi makwao. Waipa hupita na kurudi, lakini nyuma yake huacha mistari ya maji usawa uleule wa macho ya dereva. Taa za lori linalokuja zikiipiga mistari hiyo, mwanga husambaa kioo kizima, na kwa sekunde kadhaa dereva huendesha kwa kukisia. Katika sekunde hizo kuna mama aliyejifunika kanga kichwani akiwahi kuvuka, kuna mwanafunzi anayeruka dimbwi pembeni mwa lami, kuna bodaboda na abiria wake waliolowa chapachapa. Hakuna aliyewauliza kama wanaridhika na waipa za gari lile. Hata hivyo usalama wao uko mikononi mwa mtu wasiyemjua, aliyeona kwamba zile za zamani bado zinafaa.

Tumezoea kusema gari ni la mwenyewe na matunzo yake ni hiari yake. Lakini kuona barabarani ni jambo la watu wengi. Inasimuliwa kwamba Mary Anderson, mwanamke wa Alabama nchini Marekani, alikuwa abiria katika tramu jijini New York siku ya theluji alipomwona dereva akihangaika kwa sababu haoni mbele. Akabuni mkono wenye mpira, unaoendeshwa kwa wenzo kutoka ndani, na mwaka 1903 akapewa hataza. Hakutajirika kwa ubunifu huo. Yeye hakushika usukani siku ile. Alikaa kwenye kiti cha abiria, akaona kwamba taabu ya dereva inamhusu kila aliyemo. Ni wangapi kati yetu wanaoyatazama mambo kwa jicho hilo?

Kwenye magari ya abiria swali hilo ni zito zaidi. Dereva husema waipa ni juu ya tajiri mwenye gari. Tajiri husema dereva atoe kwenye mapato yake. Dereva naye anawaza hesabu ya siku. Kila mmoja ana hoja, na mpira unaendelea kuchanika. Abiria aliyelipa nauli hajui kwamba jambo linalomgusa yeye kuliko wote limekosa mwenyewe. Je, si ndivyo yanavyoharibika mengi katika jamii yetu, kwa kuwa kila mhusika ana hakika kwamba mhusika hasa ni mwenzake?

Tazama pia tunavyoosha magari siku za mapumziko. Bodi hung'arishwa, matairi hupakwa dawa yakawa meusi ti, ndani hunyunyizwa manukato. Waipa hazinyanyuliwi hata kufutwa. Tunatunza kinachosifiwa na wapita njia, na kile ambacho hakuna atakayekisifu tunakiacha. Tabia ya mtu hupimwa hapo, kwenye kazi isiyo na shahidi, siku ambayo hakuna hatari wala trafiki wa kumkumbusha. Mdharau mwiba mguu huota tende: mpira ukiisha kabisa, chuma hugusa kioo na kukichora nusu duara isiyofutika, na bei ya kioo cha mbele haikaribiani na bei ya waipa.

Matunzo yenyewe hayahitaji fundi. Kitambaa chenye maji kipitishwe kwenye mpira mara kwa mara mpaka kitoke safi. Chombo cha maji ya kuoshea kioo kisiachwe kikauke. Waipa zisiendeshwe kwenye kioo kikavu chenye vumbi, maana mchanga hukwaruza kioo na kuula mpira. Zikianza kuacha mistari au kurukaruka hata baada ya kusafishwa, zibadilishwe. Kwenye mataa ya Dar es Salaam wachuuzi huzipitisha madirishani mwa magari, basi kisingizio cha kukosa pa kuzinunua hakipo.

Wewe uliyeshika funguo za gari, liwe lako au la tajiri, usingoje wingu litande. Kesho asubuhi, jua likiwa linawaka, nyanyua waipa na uukague mpira. Ukiukuta umechoka, nunua mwingine siku hiyohiyo. Anayevuka barabara wakati wa mvua ana haki ya kuonwa.