Nilidhani Yuko na Wewe

Andiko la wiki: Luka 2:41–52



Likizo ya Agosti, mimi na mama watoto tulipeleka watoto wetu wawili Mombasa kwa mara ya kwanza. Kijana ana miaka mitano, dada yake ana miwili. Tulikaa siku nne kwa shangazi yangu upande wa Likoni. Tulikula samaki, tukachezea mchanga, watoto wakameza maji ya chumvi mpaka wakazoea. Siku zote hizo hazikuwa na neno. Neno lilikuja siku ya kurudi.

Mliosafiri na watoto wadogo mnaijua siku hiyo. Pesa iliyobaki ni ya nauli. Nguo zote ni chafu. Mmoja analia hataki kwenda nyumbani, mwingine amelala mgongoni. Tulikuwa tupande treni ya alasiri pale Miritini, na kabla ya hapo lazima tuvuke feri. Sasa mimi nilisomea biashara, kuhesabu mali ndiyo kazi niliyofunzwa. Niliandika mizigo yote kwenye simu: mabegi matatu, begi la nepi, mfuko wa nazi, mfuko wa achari na mkeka wa shangazi. Jumla saba. Nikahesabu nyumbani, nikahesabu tuliposhuka tuktuk, nikahesabu tena tukingoja feri. Saba, saba, saba.

Feri ikafika, na pale Likoni watu hawaingii kwa kutembea, wanakimbia. Tukasukumwa na umati mpaka ndani. Nikaweka mizigo chini, nikahesabu: saba. Ndipo mama watoto akaniuliza, "Kijana yuko wapi?"

Nikamjibu, "Nilidhani yuko na wewe."

Akasema, "Na mimi nilidhani yuko na wewe."

Wapendwa, sijawahi kusikia maneno mazito kama hayo. Tuliacha mizigo yote pale pale, tukarudi mbio tukipingana na watu. Feri ikaondoka nyuma yetu na wala sikugeuka. Nilikuwa naita jina la mtoto na jina la Yesu kwa pamoja.

Tulimpata karibu na mahali tulipokuwa tumesimama mwanzo. Mama mmoja muuza mabuyu alikuwa amemketisha kando yake, amemshika mkono. Kijana halii, midomo ni myekundu kwa mabuyu. Akaniangalia akasema, "Baba, mlienda wapi? Mimi nilikuwa hapa tu." Yule mama akanipa mkono wa mtoto na kuniambia kwa upole, "Mwanangu, mtoto hushikwa kwa mkono, hashikwi kwa kudhani."

Ng'ambo tulikuta mizigo sita. Nazi zilikuwa zimepata mwenyewe mpya. Sikuuliza.

Sasa fungua Luka sura ya pili. Yusufu na Mariamu hawakuwa wazazi wabaya. Kila mwaka walipanda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Hawakumpoteza Yesu wakiwa kwenye starehe, walimpoteza wakitoka ibadani! Sikukuu imeisha, watu wanarudi nyumbani, na Luka anatuambia jambo dogo tu: walidhani yumo katika msafara. Wakatembea siku nzima na hiyo dhana. Walipoanza kumtafuta kwa jamaa na marafiki, hayupo. Ikabidi warudi kule walikomwacha, na siku tatu zikapita kabla ya kumpata hekaluni. Kudhani kulichukua siku moja. Kutafuta kukachukua tatu.

Lakini somo langu halikuisha pale kivukoni. Tukiwa ndani ya treni tunapita Tsavo, watoto wote wamelala, mama watoto akaniuliza polepole, "Baba, mara ya mwisho uliomba na huyu kijana kabla alale ilikuwa lini?" Nikafungua mdomo kusema, "Nilidhani wewe…" nikanyamaza. Yeye naye alidhani ni mimi, kwa sababu mimi ndiye pasta. Naombea watoto wa watu kila Jumapili. Wa kwangu nilikuwa nimemwacha foleni.

Chuoni tulifunzwa kwamba kazi isiyo na jina la mtu haifanyiki. Hata nyumbani ni hivyo. Baba anadhani imani ya mtoto iko na mama. Mama anadhani iko na mwalimu wa shule ya Jumapili. Mwalimu, ambaye anamwona saa moja kwa wiki, anadhani iko nyumbani. Wote tuko ndani ya feri na mizigo imetimia: karo imelipwa, viatu viko, chakula kiko. Mtoto hayupo. Na usiseme mtoto amepotea. Mara nyingi yeye yuko pale pale ulipomwacha. Ni wewe uliyeondoka.

Mimi na mama watoto tuligawana siku. Zangu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Sitadanganya, wiki ya kwanza nilikosa Jumatano kwa sababu ya mkutano wa matanga. Lakini sasa siku ina jina langu, na nikikosa, kijana mwenyewe ananiuliza.

Habari njema ni kwamba Yusufu na Mariamu walirudi wakampata, na Luka anasema mtoto alishuka nao Nazareti. Hata kama umetembea siku nzima ukidhani, barabara ya kurudi bado iko wazi. Usingoje Jumapili. Leo jioni, kabla taa izimwe, shika mkono wa mtoto wako, uombe naye. Kama wewe ni nyanya, shangazi au jirani na mtoto hana mwingine, basi kuwa kama yule mama wa mabuyu.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa yale tuliyodhani. Turudishe pale tulipowaacha watoto wetu, na utupe mikono ya kuwashika. Katika jina la Yesu, Amina.