Viatu Mlangoni

Mwaka nilioacha chuo, mzee wa kanisa fulani hapa Lodwar alinisimamisha mlangoni. Nilikuwa nimevaa akala, zile za tairi. "Kijana, hii ni nyumba ya Mungu." Sikubishana. Nikaketi nje chini ya mwarobaini, nikasikiliza mahubiri kwa spika, nikijiambia Mungu haangalii miguu.

Sasa hivi sina uhakika na hilo. Kakuma, kwenye kambi iliyofunguliwa 1992, kuna kanisa la Waorthodoksi wa Ethiopia, na huko huingii na viatu. Unavua. Mlangoni akala zimelala kando ya raba za bei kali, zote zimejaa vumbi lilelile. Nilipovua zangu nilinyamaza bila kuambiwa. Kama miguu si kitu, mbona niliguswa? Hata Musa aliambiwa avue.

Kwa hivyo sitaki ule uongo mtamu wa vijana wenzangu, kwamba heshima ni ya moyoni tu. Mwili nao unataka kazi ya kufanya. Shida ni bei. Kakuma wanakudai kitu ambacho kila mtu anacho; yule mzee alinidai kitu cha dukani, tena huku Turkana ambako akala ndiyo kiatu.

Lakini nisimwonee. Pale chini ya mwarobaini, na hasira zangu zote, wakati wa maombi nilikuwa najibu WhatsApp.

Jumapili narudi kwake. Akala zilezile. Simu itabaki nyumbani.